Hosteli, wageni au kikundi cha kuandika? Kazi ya muda ipi imfae mwanauzamili wa Kampala

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hatafutiwi marafiki. Analala bwenini, anapanga foleni ya chakula na wenzake, anashangilia timu ya bweni lake mpaka sauti inamkauka. Mwanauzamili wa Kampala ana maisha mengine kabisa. Anatoka kazini, anaingia darasani saa kumi na moja jioni, na ikifika saa mbili usiku yuko Wandegeya anagombania kiti cha teksi ya Ntinda au Kawempe. Muhula unaisha na hajui jina la mtu aliyekaa naye safu moja. Wa uzamivu ndiye hali yake ngumu zaidi, maana hana hata darasa. Ana msimamizi, ana kompyuta, na ana mada ambayo nyumbani hakuna wa kuizungumza naye. Wengi wanaoishia njiani hawakushindwa na akili. Walichoka wakiwa peke yao, na hakuna aliyegundua kwamba wametoweka.

Ndiyo maana vyuo, idara, hosteli na miradi ya utafiti hutafuta mwanauzamili wa kuwaunganisha wenzake, kwa saa chache za wiki na kwa malipo ya namna fulani. Kazi hizi hazina jina moja. Tangazo hili litasema msaidizi wa mlezi, lile litasema mratibu, jingine balozi wa wanafunzi, na nyingine hazitangazwi kabisa: mkuu wa idara anamwita mtu ofisini na kumwomba. Baadhi nimezifanya, nyingine nimeishi na waliozifanya, na ushauri wangu nautanguliza: kabla hujauliza malipo, uliza saa za kazi hiyo anazipanga nani. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama utaifikisha tasnifu yako kwenye utetezi ukiwa bado unaipenda.

Zinazoshindaniwa

Ya kwanza ni ulezi msaidizi wa hosteli. Makerere ina mabweni yake, na lile la Dag Hammarskjöld lilitengwa kwa ajili ya wanauzamili, lakini wanafunzi wengi wanalala kwenye hosteli za watu binafsi za Kikoni na Nakulabye. Mwenye hosteli hupenda kuwa na mwanafunzi mtu mzima anayeishi humohumo, anayesuluhisha ugomvi wa kelele na maji, anayejua nani mgonjwa na nani hajaonekana tangu Ijumaa. Malipo mara nyingi ni chumba chenyewe, bure au kwa nusu bei.

Ya pili ni ukaribishaji wa wanafunzi wageni, kwa kawaida chini ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Ya tatu ni uratibu wa kikundi cha kuandika na semina za idara. Iko na ya nne, ya kuwa kiungo kati ya mradi wa utafiti na wananchi, lakini hiyo nitaigusa mbele kidogo kwa sababu masharti yake ni mengine.

Saa ni za nani

Hapa ndipo tofauti inapoonekana waziwazi, kwa hiyo tukae hapa.

Saa za mlezi wa hosteli ni za kila mtu isipokuwa yeye. Karatasi itasema saa kumi kwa wiki, lakini shida za hosteli hazisomi karatasi. Saa nane usiku mlango unagongwa. Binti wa mwaka wa kwanza wa uzamili ana homa kali na anatapika, na mwenzake wa chumba analia kuliko mgonjwa. Unaamka, unamwamsha mlinzi, unatafuta gari kwa sababu mgonjwa hawezi kukaa kwenye boda boda, unampeleka hospitali ya chuo au Mulago, unampigia kaka yake aliyeko Arua, kisha unakaa kwenye benchi mpaka kunapambazuka. Saa tatu asubuhi una kikao na msimamizi wako kuhusu sura ya pili. Usiku kama huo ni kazi ya heshima kubwa, na yule binti hatakusahau maisha yake yote. Lakini sura ya pili haikuandikwa, na usiku wa namna hiyo hukupa taarifa ukiwa tayari umeshaanza.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi. Mlezi wa hosteli yuko kati ya wanafunzi na mwenye mali. Siku mwenye mali anapotaka kumfungia mtu chumba kwa deni la kodi, anayetumwa kugonga ni wewe. Wewe uliyekula naye rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) jana ndiye unayempelekea habari hiyo leo. Wenye kifua cha kubeba hilo wapo, na hosteli iliyompata mtu wa aina hiyo hutulia. Jiulize kwa dhati kama ni wewe.

Saa za mkaribishaji wa wageni ni za kalenda. Kazi inakuja kama mafuriko muhula unapofunguliwa Agosti, inarudi kwa kiasi muhula wa pili unapoanza, na katikati kunakuwa kimya. Mabasi ya Nairobi yaliyopitia Busia au Malaba huingia Kampala alfajiri. Wa Bukoba na Mwanza wanakuja kwa Mutukula, wa Rutshuru kwa Bunagana. Kila mmoja anashuka na begi na maswali yaleyale: laini ya simu itasajiliwa kwa pasipoti au kwa kitambulisho gani, pasi ya mwanafunzi inaombwa wapi, shahada ya nyumbani inatambuliwaje na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, hosteli ipi haina shida ya maji. Kwa wiki kadhaa simu yako haipoi. Kisha wanajua njia, na unapumua.

Uzuri wake ni kwamba mafuriko unayajua kabla hayajaja. Unaweza kumwambia msimamizi wako mwezi Juni kwamba Agosti hutamletea kitu, na ukaitumia Oktoba na Novemba kulipia. Mtu wa kazi za shambani au maabara, ambaye majaribio yake yanafuata mvua au vipimo vya kila siku, ahakikishe Agosti yake haina mkulima anayemsubiri Soroti.

Saa za mratibu wa kikundi cha kuandika unazipanga wewe. Sentensi hiyo moja inatosha kuibadilisha kazi yote. Mnakubaliana Jumamosi saa tatu mpaka saa sita, chumba kinajulikana, funguo iko kwa katibu wa idara. Nje ya hapo kuna ujumbe wa kukumbushana katikati ya wiki, kumtafuta mtu wa kutoa semina ya mwezi, na kumfuata aliyekosa mara mbili mfululizo.

Kikao chenyewe, kwa asiyekijua, kinakwenda hivi. Watu wanaingia, simu zinakusanywa kwenye sanduku lililoko mlangoni. Kila mmoja anasema kwa sauti atakachoandika asubuhi hiyo, na hapa mratibu hakubali jibu la jumla. Mtu akisema “nitashughulikia mapitio ya maandiko”, unamuuliza aya ipi. Akisema aya ya tatu, ile inayoeleza kwa nini bei ya kahawa haimfikii mkulima wa Masaka, hapo sawa, anza. Dakika 45 za kimya. Chai na karanga. Dakika 45 nyingine. Kisha kila mmoja anasoma sentensi moja tu aliyoiandika. Nimeona mwalimu wa sekondari, mama wa watoto watatu, akisoma sentensi yake moja na chumba kizima kikampigia makofi, kwa sababu wote walijua ilikuwa ya kwanza tangu Pasaka. Hakuna mhadhara wa mbinu za utafiti unaoleta watu wa fani tofauti karibu namna hiyo.

Ubaya wake? Kikundi kinakufa haraka. Hosteli ina watu hata usipofanya kitu, na wageni watashuka kwenye basi hata ukilala. Kikundi cha kuandika usipokifuatilia kwa wiki tatu hakipo tena. Kinamtaka mtu asiyeona haya kumpigia simu profesa wa kesho aliyekosa Jumamosi na kumwambia, “Ssebo (yaani bwana), tulikukumbuka, Jumamosi uje.”

Hesabu ya pesa

Nichukue namba za mfano, ili kuonyesha jinsi ya kupiga hesabu. Tuseme hosteli inakupa chumba ambacho ungekilipia shilingi 1,200,000 kwa muhula. Muhula una wiki 17. Ukitumia saa 15 kwa wiki, hizo ni saa 255, na kila saa imekupa kama shilingi 4,700. Tuseme idara nayo inakupa posho ya 150,000 kwa mwezi kwa miezi minne, yaani 600,000, kwa saa 4 za wiki. Hizo ni saa 68, na kila saa imekupa zaidi ya 8,800.

Kwa karatasi, idara imeshinda. Maishani mambo si mepesi hivyo. Hosteli hudai fedha mwanzoni mwa muhula, na posho ya idara hupita saini kadhaa kabla ya kufika kwenye simu yako. Mtu aliyetoka Gulu au Kasese bila ndugu wa kumpokea mjini hawezi kulala juu ya ahadi ya posho ya Novemba. Kwake chumba ndicho kinachomwezesha kusoma, na sitamwambia akikatae. Ninachomwambia ni hiki: kichukue kwa muhula mmoja au miwili, huku ukiweka akiba ya kodi, kisha utoke kabla ya mwaka wa kuandika.

Ukaribishaji wa wageni hulipwa kwa njia zinazotofautiana sana, pengine kwa siku, pengine kwa muhula, na kwingine ni nauli na chakula cha mchana tu. Uliza waziwazi muda wa hewani na nauli vinatoka mfukoni mwa nani. Mwezi Agosti vitu hivyo viwili peke yake vinaweza kumeza malipo yote.

Karatasi, kwa waliovuka mpaka

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na kanuni zake zinampa raia wa nchi mwanachama pasi ya mwanafunzi bila ada. Hiyo ni neema kubwa, lakini pasi hiyo ni ya kusomea. Kwa kanuni hizohizo, ajira ya mkataba unaozidi siku 90 inataka kibali cha kazi. Usijiamulie mwenyewe kwamba chumba cha bure si malipo au kwamba posho si mshahara. Beba tangazo lako mpaka ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, uliza kama kazi hiyo inaruhusiwa kwa pasi uliyo nayo, na uombe jibu la maandishi kabla ya kutia saini. Kazi ambayo anayeitoa hataki kuiandika popote, iache.

Kiungo wa mradi

Hii ni kazi ya kuwaunganisha watafiti na wananchi: kuandaa mikutano katika mitaa ya mabanda ya Kampala kama Katanga au Bwaise, kuzungumza na viongozi wa mitaa, kuhakikisha matokeo ya utafiti yanarudi kwa waliohojiwa. Kwa msemaji wa Kiswahili ina mlango wa pekee. Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa 1958 katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Isingiro, yana Wakongo na Warundi wengi wanaozungumza Kiswahili, na mradi unaotoka Mbarara au Kampala unahitaji mtu wa kukaa na wazee wao bila mkalimani.

Malipo yake mara nyingi ni mazuri kuliko ya zote tatu, maana fedha ni za mradi. Lakini mradi una tarehe za wafadhili, na tarehe hizo hazijui mitihani yako. Halafu kuna suala la maadili ambalo ni zito. Watu uliowakusanya kama kiungo leo, huwezi kesho kuwageuza wahojiwa wa tasnifu yako bila idhini mpya. Utafiti wako una kibali chake cha kamati ya maadili na usajili wake kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na ndani ya makazi ya wakimbizi kuna ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kama mada yako iko mbali na mradi, itakula muda wako. Kama iko karibu, zungumza na msimamizi mapema ili mipaka iandikwe.

Chama cha watu wa nyumbani

Yupo atakayeuliza: mbona hutaji vyama vya wanafunzi wa Kenya, Tanzania au Kongo, au matawi ya CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki? Havilipi, ndiyo sababu sikuviweka kwenye mzani mmoja na hizi. Ila vina historia ndefu. Julius Nyerere aliingia Makerere 1943 na akawa miongoni mwa walioanzisha pale chama cha ustawi cha wanafunzi Watanganyika. Mwai Kibaki, aliyehitimu uchumi 1955, aliongoza chama cha wanafunzi wa Kenya. Waliyoyajifunza katika vikao vile hayakuwa kwenye mtaala wowote. Mwenye kazi ya mshahara na hahitaji posho anaweza kutoa saa zake huko na asipungukiwe na kitu.

Tahadhari yangu ni moja, na inamhusu mkaribishaji wa wageni pia. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo Waganda wengi wa rika letu bado wanakisikia kama lugha ya wanajeshi. Ukikusanya Wakenya, Watanzania na Wakongo kwenye meza moja ya Kiswahili kila Ijumaa, wageni watafarijika sana, na wenyeji watapita kando. Mgeni atamaliza miaka miwili Kampala bila rafiki hata mmoja wa Kampala. Mkaribishaji mzuri anaanza na Kiswahili wiki ya kwanza, kwa sababu mtu aliyechoka na safari anahitaji kusikia lugha yake. Kufikia wiki ya tatu awe amempeleka mgeni kwa mwenyeji wa idara yake, anayeweza kumfundisha bei ya kweli ya teksi na namna ya kumsalimia katibu wa idara kwa Kiganda.

Nani achukue ipi

Wewe uliyefika mwaka huu kwa shahada ya uzamili, huna chumba na huna ndugu mjini, chukua hosteli, kwa muda uliowekewa mwisho. Nenda kwanza usiku mmoja ukaone: kuna mlinzi? Kuna namba ya gari la dharura? Mlezi aliyekutangulia aliondoka kwa nini? Mtafute yeye mwenyewe, usimuulize mwenye hosteli.

Uko mwaka wa pili, unaujua mji, utafiti wako ni wa maktaba au wa kompyuta, na unapenda watu: ukaribishaji wa wageni utakufaa kuliko yote. Utajuana na watu wa nchi saba kwa muhula mmoja, na hao ndio mtakaokutana nao kwenye makongamano kwa miaka 30 ijayo. Mwenye mtoto mchanga au kazi ya ofisini aiache hii, kwa sababu Agosti haina huruma.

Mwanauzamivu yeyote aliyekwisha kupitishiwa pendekezo la utafiti, achukue kikundi cha kuandika, hata kama posho ni ndogo. Ndiyo pekee kati ya hizi ambayo ukiifanya vizuri tasnifu yako nayo inasogea, maana kila Jumamosi unayowaandalia wenzako na wewe unakaa chini na kuandika. Idara yenu kama haina kikundi, usisubiri tangazo. Mwandikie mkuu wa idara barua ya ukurasa mmoja: siku gani, chumba kipi, watu wangapi wamekubali, chai ya muhula itagharimu kiasi gani, na mratibu apewe posho ipi. Nenda nayo Juni au Julai, kabla bajeti ya mwaka mpya wa masomo haijagawanywa, na uwe na majina ya watu watano walioahidi kuja Jumamosi ya kwanza.